Baba mkubwa aliyezikwa mara tatu

Riziki yangu ni vyeti vya watu. Nina steshenari hapa Morogoro, jirani na shule ya sekondari: kompyuta moja, mashine mbili za kopi (moja nzima, ya pili inakwenda kwa dua) na benchi la wateja. Fomu za mkopo wa chuo zikifunguliwa, foleni yangu inafika hadi kwa muuza chipsi, na nadhani yeye anafaidi kuliko mimi. Nimeshika vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya vifo, viapo vya mahakama na barua za watendaji. Najua mtaani kwetu nani alipunguza umri, nani anasomea jina la ndugu yake, nani anamwita baba mtu ambaye cheti hakimjui. Natoa kopi, napokea mia yangu, nanyamaza.

Ila cheti cha kuzaliwa cha mume wangu sikuwahi kukiona. Tulikuwa na miaka 22 ya ndoa na sikuwahi kukiona, na wala haikunijia akilini kwamba sijakiona.

Mwaka 2023 binti yetu mkubwa alipata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu India. Akahitaji pasipoti. Pasipoti siku hizi unajaza mtandaoni, unalipa 150,000, unakwenda Uhamiaji na viambatisho, na kimojawapo ni cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo. Mimi nilizaliwa nyumbani, milimani Mgeta, nina kiapo ambacho panya walishakula kona yenye muhuri. Nikasema basi tutatumia cha baba. Baba Watoto alikuwa Ifakara anafunga mageti (ni fundi wa kuchomelea). Nikampigia.

"Nikirudi nitakitafuta," akasema.

"Kiko wapi? Nitakitafuta mwenyewe."

"Hutakiona. Nikirudi."

Miadi ya binti ilikuwa Jumatatu na siku ninayompigia ilikuwa Alhamisi. Mume wangu ana sanduku la chuma alilolichomelea mwenyewe kabla hatujaoana, analiweka chini ya kitanda, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya chemli mbovu iliyoning'inia jikoni. Ufunguo ule nilikuwa naufahamu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Sikuwahi kuugusa, kwa sababu mama yangu alinifunza kwamba sanduku la mwanamume ukilifungua utakuta unachokitafuta. Siku ile nikaona natafuta karatasi ya mtoto tu.

Risiti za vyuma. Picha ya vijana wanne mbele ya bani, banda la kukaushia tumbaku. Bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha uraia, na picha juu yake ilikuwa ya mume wangu, amekaza shingo kama mtu aliyeambiwa asipumue. Jina la kwanza lilikuwa lake. La pili sikuwahi kulisikia maishani, jina refu linaloanza na Ndayi. Kilisema mtu huyu alizaliwa Katumba, Mpanda, mwaka 1975, alikuwa raia wa Burundi, na kuanzia sasa ni raia wa Tanzania kwa tajnisi. Tarehe, mwishoni mwa 2014.

Tajnisi nalijua, nimeliweka tiki kwa watu wengine: uraia wa kupewa, si wa kuzaliwa nao. Nikaketi sakafuni. Nikasoma tena kwa kidole, neno kwa neno, kama wale wazee wanaokuja dukani na barua za mafao. Kisha, aibu yangu hii, nikapekua sanduku lote kutafuta picha ya mwanamke. Nilikuwa na uhakika kwamba palipo na uongo mkubwa namna hii pana mwanamke. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na nchi nzima.

Mume wangu, kwa jinsi nilivyomjua mimi, ni Muha wa Kasulu, mkoani Kigoma, yatima wa baba na mama, aliyelelewa na mama mdogo ambaye baadaye alihamia Mpanda. Alikuja Morogoro kufanya kibarua kwenye kiwanda cha tumbaku, akajifunza kuchomelea. Alipoleta posa mwaka 2001 alikuja na mzee mmoja wa Kiha aliyekuwa akifanya naye kazi, akamtambulisha kama mjomba wake. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mjomba wangu akauliza, "Kasulu kwenyewe nani kati yetu amewahi kufika?" Hakuna aliyewahi. Mahari ikapokelewa.

Usiku ule wa Alhamisi sikulala. Nilichukua karatasi zilizoharibika za dukani, nikaanza kuandika nyuma yake kila safari ya mume wangu niliyoikumbuka. Mwaka 2008, wiki tatu, msiba wa baba mkubwa Kasulu. Mwaka 2014 mwezi wa Kumi na Moja, siku kumi, msiba wa baba mkubwa Kasulu. Nikainua kalamu. Nikarudia kusoma. Tarehe ya msiba wa pili na tarehe ya cheti zilikuwa zinakaribiana kama pua na mdomo.

Nikaandika pia mwaka 2013. Mwaka ule alipata tenda ya madirisha huko Geita, pesa ya kumalizia nyumba kabisa, akaikataa dakika za mwisho akisema vidonda vya tumbo vimeamka. Tuligombana vibaya. Sasa nikakumbuka ilikuwa mwezi wa Tisa, na mwezi ule redio zote zilikuwa zinazungumzia Operesheni Kimbunga, ile ya kuwakamata na kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali Kagera, Kigoma na Geita. Watu walioishi miaka na wake zao na shamba lao walivukishwa mpaka. Mimi nilikuwa nasikiliza redio ileile dukani, naprinti, nawaza jinsi ya kumpata daktari wa vidonda vya tumbo.

Alirudi Jumamosi jioni. Bahasha nilikuwa nimeiweka mezani, pembeni ya chupa ya chai. Aliiona kabla hajanisalimu. Akavua viatu taratibu, kimoja, kingine, akavipanga.

"Umefungua."

"Nimefungua. Baba Watoto, yule baba mkubwa wako umemzika mara mbili."

Akanitazama. "Mara tatu," akasema. "Mwaka 2010 ulikuwa na mimba ya mwisho, unatapika, hukumbuki."

Sijui niliwezaje, lakini nilicheka. Na yeye akacheka, kidogo, halafu akaomba maji, na alipokunywa glasi ilikuwa inagonga meno.

Nitaeleza kwa ufupi alichoniambia kwa kirefu. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972. Wenyewe wanayaita yaliyotokea Ikiza, balaa. Mwisho wa mwezi wa Nne mwaka ule kulizuka uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, watu wakauawa, na serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu kwa maelfu mengi, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari. Waliovuka kuja kwetu Serikali ya Mwalimu iliwapa mapori ya magharibi wayafyeke: Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo. Hawakuyaita kambi. Walisema makazi. Walilima mahindi, muhogo, maharage, tumbaku, na wakalisha watu wengine. Ila kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali cha Mkuu wa Makazi, chenye siku za kwenda na za kurudi.

Mume wangu alitoka na kibali cha siku kumi na nne mwaka 1996, na siku ya kumi na tano alikuwa Morogoro. Ndani ya treni aliulizwa kabila na abiria aliyekaa naye. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu kabisa, wenyewe wanasikilizana. Akajibu, Muha. Akaulizwa wa wapi. Kasulu. "Nilisema mara moja tu," aliniambia, "nikadhani nimemaliza. Kumbe ukisema hivyo utaendelea kusema kila siku." Kiwandani alimkuta Muha halisi, ambaye siku ya kwanza tu alimsikiliza anavyotamka akajua. Yule mzee hakusema kitu. Miaka mitano baadaye ndiye aliyekaa sebuleni kwetu akaitwa mjomba.

Mwaka 2007 Serikali iliwapa wakimbizi wale wa mwaka 1972 nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi wakaomba uraia. Watu zaidi ya 162,000 wakakubaliwa mwaka 2010. Kukubaliwa ni neno. Vyeti havikuanza kutoka mpaka Oktoba 2014, kwa sababu kwanza waliambiwa wahame makazi wakatawanywe mikoani, mpango ukakwama, wakabaki katikati: Burundi wameshaikana, Tanzania haijawapa karatasi. Ndiyo maana Geita 2013 hakwenda. Hakuwa na la kuonyesha. Vidonda vya tumbo hakuwahi kuwa navyo, ingawa dawa nilizomnunulia alizimeza zote.

Sheria nayo nilikwenda kuisoma, maana ndiyo hulka yangu. Sheria ya Uraia Namba 6 ya mwaka 1995. Wanangu wako salama, wamezaliwa hapa na mama Mtanzania. Lakini nikaona jambo lililonikera mpaka leo: mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni akimwoa Mtanzania, ndoa haimsaidii hivyo. Yaani ningekuwa mimi ndiye wa Katumba na yeye ndiye wa Mgeta, pengine tungemaliza mwaka 2001 kwa fomu moja. Fomu ambayo ningeijaza mwenyewe.

Dada yangu nilipomweleza alishusha pumzi. "Afadhali Mrundi kuliko mke mdogo." Wengi wameniambia kama hivyo, kwamba ni jambo dogo, nchi si tusi. Sikubaliani nao, na nilihamia chumba cha wasichana wiki mbili nzima kuonyesha kwamba sikubaliani. Si Urundi ulionikata. Ni kwamba alinifanya nidanganye bila kujua. Kwenye fomu ngapi nimeandika kabila la baba Muha? Mwanangu wa pili alipewa kazi ya shule aeleze mila za kabila lake. Nikamwelekeza aandike za Waha, nikamprintia kwa rangi, akapata 18 kwa 20.

Nikamuuliza usiku mmoja, tukiwa nje, kwa sababu ndani watoto wanasikia kila kitu: cheti umepata 2014, hofu imekwisha, kwa nini hukuniambia?

Akakaa kimya. Akasema, "Nilipanga nikuambie Krismasi. Krismasi ikapita. Halafu ikaja ile ya Kagunga."

Hakuongeza neno, na hakuhitaji, kwa sababu nilikumbuka papo hapo. Mei 2015. Burundi kumechafuka tena kwa ajili ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, watu wamemiminika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kimeingia. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaonyesha watu wamejaa ufukweni wakisubiri MV Liemba, ile meli ya tangu enzi za Mjerumani, iwapeleke Kigoma. Tuko sebuleni, tunakula. Mimi nikasema, na mdomo una tonge: "Hawa nao. Kila siku wao. Watatumalizia chakula, si wakae kwao."

Mume wangu akainuka. Akauliza, "Kuku wamefungiwa?" Akatoka.

Hatukuwa na kuku. Tulikuwa tumechinja wa mwisho Pasaka. Nilijua hatuna kuku, nikaendelea kula, nikambadilishia mtoto chaneli aangalie katuni.

Mwezi wa Saba tukasafiri. Pasipoti ya binti ilishatoka, kwa kiapo changu kipya baada ya mahangaiko yote, naye akawa ameondoka, kwa hiyo tulikwenda wanne. Dodoma, Manyoni, Itigi, tukalala Tabora. Asubuhi Sikonge, Koga, Inyonga, miombo isiyokwisha. Njiani ndipo Baba Watoto alipomalizia. Alikuwa amebakisha. Akasema akiangalia nje ya dirisha, "Mama mdogo si mama mdogo."

Mimi nilikuwa naongea na yule bibi kwa simu tangu 2006. Idi, Krismasi, mtoto akizaliwa, mtoto akifaulu. Kila mwezi namtumia elfu ishirini, thelathini, kwa simu yangu mwenyewe. Alikuwa akiniuliza "Mmerara vipi?" na mimi nikimuuliza mume wangu mbona hana L, ananijibu ndivyo wanavyosema kwetu. Miaka kumi na saba mama mzazi alikubali kuitwa mama mdogo na mkwewe, na hakuteleza hata siku moja. Nilishuka Mpanda miguu imekufa ganzi, na si kwa sababu ya basi.

Mtu akisema makazi ya wakimbizi unafikiria mahema. Katumba ni vijiji: nyumba za tofali, miembe mikubwa, mashamba yaliyopangwa kwa mistari, kanisa hapa kanisa pale, reli inayokwenda Mpanda inapita. Wanaume wanapiga soga za bei ya tumbaku. Watoto wanaongea Kiswahili kilekile cha wanangu. Mwanangu wa mwisho aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wakimbizi wako wapi?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, mdogo kuliko sauti yake. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye mama mdogo," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Mmerara wapi?"

Tulikula ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Jioni tukaenda kwenye kaburi la baba mkwe, nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Alifariki 1998. Mume wangu hakuja kumzika, kwa sababu kibali chake kilikuwa kimekwisha miaka miwili nyuma na aliogopa kurudi wasije wakamzuia asitoke tena. Alisimama pale kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimekuja na utani wangu tayari, kuhusu mtu anayehudhuria misiba mitatu ya uongo. Nikaumeza.

Ila usiku, tukiwa tunachambua maharage na mama mkwe, nikamweleza mwenyewe hadithi ya baba mkubwa aliyezikwa mara tatu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akaweka ungo chini.

"Baba mkubwa arikuwepo," akasema.

Alikuwa kaka wa mume wake, mwalimu wa shule ya msingi huko Bururi. Mwezi wa Tano 1972 waliitwa kwenye mkutano, walimu wote. Alivaa shati jeupe, akaaga kwamba atachelewa kidogo. Waliwapakia kwenye lori. Baada ya siku nne baba mkwe akasema hapa hatukai, wakatembea usiku hadi Nyanza-Lac, mama mkwe ana miaka 22, wifi yangu mkubwa mgongoni amefungwa kitambaa mdomoni asilie. Wakavuka ziwa kwa mtumbwi. "Huyo hatukumzika," akasema. Kisha akaendelea kuchambua maharage.

Nilimtazama mume wangu aliyekuwa mlangoni. Sikumuuliza kama alipokuwa akitafuta uongo wa kuniagia alijua anamchukua nani. Mpaka leo sijamuuliza.

Asubuhi ya kuondoka mama mkwe akaingia ndani, akarudi na mfuko wa sukari uliokunjwa mara nyingi. Ndani yake cheti chake cha uraia, kimeanza kupata madoa ya unyevu. "Mwanangu ananiambia wewe una mashine ya kutoa karatasi nyingine kama hii."

Nikasema ninayo, lakini iko Morogoro, itabidi niondoke nacho. Akakirudisha kifuani mara moja. Nikasema basi nitakipiga picha kwa simu, nitaprinti kule, nitamtumia kwa basi. Akafikiri. Akakiweka juu ya kigoda, akakinyoosha, na akabaki amekishikilia kona ya chini wakati napiga. Nikamwomba aachie kidogo. Hakuachia.

"Unataka kopi ngapi, mama?"

"Nyingi."

Nilimtumia ishirini. Mashine nzima, karatasi nzito, kila moja ndani ya nailoni yake. Nilijaribu kumpunguza kwa kompyuta, nikashindwa bila kukata muhuri, nikamwacha. Kwa hiyo kwenye kopi zote ishirini, kona ya chini, kinaonekana kidole gumba cha mama mkwe.